Sinia la mistari: shajara ya kioo ndani ya tanuru

Mradi wenyewe

Ninatengeneza sinia pana la kioo, la mistari ya feruzi, kaharabu na nyeupe ya maziwa. Halichorwi wala halipakwi rangi. Mabamba ya kioo yenye unene wa milimita 3 yanakatwa vipande vyembamba, vipande vinasimamishwa kwa ubavu na kubanwa pamoja, kisha vinaunganishwa kwa moto hadi viwe bamba moja zito. Bamba hilo linakatwa upya kwa msumeno, sehemu zake zinageuzwa na kupangwa kivingine, zinarudi motoni, na mwisho linalainishwa juu ya kalibu ili lichukue umbo la sinia.

Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii huanza na kuishia kwenye namba: karibu 650 °C kulaza kioo kwenye kalibu, 740 kukishikiza, 810 kukiunganisha kabisa. Namba hizo si za uongo, ila zinasema nusu tu ya habari. Kioo hakina kiwango kimoja cha kuyeyuka kama barafu. Hakuna mahali ambapo upande huu ni kigumu na upande wa pili ni majimaji. Mnato wake, yaani ukinzani wake wa kutiririka, hupungua taratibu kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo umbo huamuliwa na joto pamoja na muda ambao kioo kimekaa ndani ya joto hilo. Isitoshe, namba inayoonekana kwenye kidhibiti cha tanuru ni joto la ncha ya themokapo, yaani kihisi cha joto, pale ilipochomekwa, wala si joto la kioo kilicholala kwenye rafu. Ninachotaka katika mradi huu ni kulijua tanuru lenyewe, na kila uamuzi hapa chini umetoka huko.

Kulipima tanuru

Tanuru ni la umeme. Koili zimepangwa kwenye dari lake, na mlango uko mbele. Kwa bamba pana na bapa, koili za juu ndizo ninazozipenda, kwa kuwa zinalipasha eneo lote la kioo kwa pamoja. Koili za pembeni huanza na kingo, na tofauti ya joto kati ya ukingo na katikati ndiyo inayovunja mabamba mapana.

Kabla ya kuweka kioo chochote cha mradi, nilikata vipande vya kioo angavu, kisicho na rangi, vilivyo sawa kwa urefu, upana na unene, nikaviweka kama madaraja juu ya nguzo fupi za udongo: kimoja katikati ya rafu, kimoja kila kona. Nikapandisha joto polepole hadi eneo la kulainika, nikashikilia kwa muda mfupi, nikaacha tanuru lipoe. Kila daraja lilikuwa limebonyea. Kinachosomwa ni kina cha mbonyeo. Pale palipo na joto zaidi kioo hubonyea zaidi, na rula ya kawaida inatosha kupima tofauti.

Matokeo: katikati na kona mbili za nyuma zinalingana. Kona ya kulia ya mbele iko nyuma kidogo. Kona ya kushoto, karibu na bawaba za mlango, imebonyea kwa nusu tu ya kina cha katikati. Hii ni tofauti kubwa. Mtu anayetazama kidhibiti pekee angeona namba moja kwa tanuru zima.

Uamuzi: rafu inasogezwa nyuma, mbali na mlango. Nimeiinua kwa nguzo za sentimita 2.5 ili hewa ya moto ipite chini yake. Sinia halitazidi sentimita 36 kwa upande, ili ukingo wake usifike kwenye kona ile. Baada ya mabadiliko nilirudia madaraja, na sasa kona nne zinakaribiana vya kutosha kwa kazi hii.

Kipimo hiki hakifundishwi vya kutosha. Kinahitaji mabaki ya kioo na moto mmoja, nacho kinaeleza tabia ya tanuru kuliko kitabu cha maelekezo kilichokuja nalo.

Vioo vinavyoelewana

Kila kioo kinachouzwa kwa kazi ya tanuru huwa na namba ya mtanuko: 90, 96, 104. Namba 90 maana yake ni sehemu 90 kwa milioni kumi kwa kila nyuzijoto moja. Kwa hesabu ya moja kwa moja, ufito wa kioo hiki wenye urefu wa mita 1 ukipoa kutoka 482 °C hadi joto la chumba hufupika kwa takriban milimita 4.1. Wa 96 hufupika kwa takriban milimita 4.4. Ukiviunganisha viwili hivyo katika sinia la sentimita 36, kimoja kinataka kuwa kifupi kuliko mwenzake kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Chuma kingevumilia tofauti hiyo kwa kujivuta. Kioo baridi hakijivuti; kinabeba mkazo hadi siku kinapopasuka, na siku hiyo inaweza kuwa miezi baada ya kutoka tanuruni.

Lakini namba ya mtanuko nayo ina mpaka wake. Hupimwa kati ya joto la chumba na 300 °C, ilhali mkazo unaanza kujifunga juu zaidi, pale kioo kinapoacha ulaini na kuwa kigumu. Vioo viwili vyenye namba moja vinaweza kutoelewana kwa sababu mnato wao unabadilika kwa mwendo tofauti katika eneo hilo. Ndiyo maana nachukulia namba kama kidokezo cha mwanzo, halafu najaribu mwenyewe.

Jaribio ni hili. Ukanda wa kioo angavu unawekwa kwenye rafu. Juu yake vinapangwa vipande vidogo vya kila rangi itakayotumika, vikiwa vimeachana, pamoja na kipande kimoja cha kioo kile kile angavu. Vinaunganishwa kabisa na kupozwa kwa utaratibu wote. Kisha ukanda unatazamwa katikati ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyokingamana hadi mwanga ufe. Kioo kisicho na mkazo hubaki giza. Chenye mkazo hugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, na pembeni mwa kipande husika huonekana duara la mng'ao. Kipande cha angavu juu ya angavu ndicho shahidi. Kikionyesha mng'ao, kosa haliwezi kuwa la rangi kwa kuwa kioo ni kile kile, basi tatizo liko kwenye kupoza.

Shahidi alibaki giza. Feruzi na nyeupe vilibaki giza. Kaharabu ya bamba moja la zamani, lisilo na lebo, ilionyesha mng'ao dhahiri kwenye pembe zake zote nne, nami nimeliondoa bamba hilo kwenye mradi. Kaharabu nyingine, iliyotoka kiwanda kimoja na vioo vingine, imepita.

Tatizo hili ni la zamani. Karne nyingi kabla ya leo, na kabla kioo hakijaanza kupulizwa kwenye pwani ya mashariki ya Mediterania katika karne ya 1 KK, mafundi walikuwa tayari wanaunganisha vipande vya kioo cha rangi kwa moto na kuvilaza kwenye kalibu kutengeneza bakuli za nakshi. Yaelekea walifaulu kwa sababu vioo vyao vya rangi vilikaribiana kwa mchanganyiko. Katika karne ya 20 wasanii walianza kununua mabamba ya viwanda mbalimbali, na mabamba hayo hayakuelewana. Kiwanda cha Bullseye, kilichoanzishwa Portland, Oregon mwaka 1974, kilipoanza kutoa rangi nyingi zilizojaribiwa pamoja, njia ikafunguka. Klaus Moje, Mjerumani aliyehamia Australia mwaka 1982 kuongoza karakana ya kioo ya Canberra School of Art, aliitumia nafasi hiyo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mbinu ninayofuata hapa, ya kuunganisha mistari, kuikata na kuiunganisha tena, aliifikisha mahali ambapo bado napatazama kwa heshima kubwa.

Feruzi na kaharabu zinapogusana

Hili ni suala jingine kabisa, halihusu mtanuko. Feruzi hupata rangi yake kutoka kwa shaba. Kaharabu hii ina salfa. Joto likipanda, shaba na salfa hukutana kwenye mpaka na kufanya mstari wa hudhurungi iliyokolea, mahali pengine karibu na weusi.

Nilitengeneza vigae vidogo: feruzi ikigusa kaharabu, feruzi ikigusa nyeupe, kaharabu ikigusa nyeupe, na feruzi na kaharabu zikitenganishwa na ukanda wa angavu. Mstari ulitokea mahali pamoja tu, nilipoutarajia. Ukanda wa angavu uliuzuia kabisa.

Nimeamua kuuacha mstari huo, si kila mahali, bali katika theluthi moja ya sinia. Unazipa rangi mbili kingo ambazo kalamu haiwezi kuzichora. Sehemu nyingine nitaweka angavu katikati ili jicho lipumzike. Kuna wanaouhesabu mstari huo kuwa uchafu. Mimi naona ni kitu ambacho kioo kimefanya chenyewe, na kimefanya vizuri.

Moto mmoja kwa njia mbili

Jaribio la joto na muda. Vigae viwili vya safu mbili za kioo, jumla milimita 6, vilivyokatwa sawasawa. Cha kwanza kilifikishwa 815 °C na kushikiliwa dakika 10. Cha pili kilifikishwa 790 tu, kikashikiliwa zaidi ya dakika 40.

Vikiwa mkononi ni vigumu kuvitofautisha. Kingo zote zimeviringika, mshono wa safu mbili umetoweka, na pembe zimekuwa butu kwa kiasi kile kile. Tofauti iko chini: kile cha 815 kimechukua chembe za kipako, kile kinachopakwa kwenye rafu ili kioo kisigande nayo, na mgongo wake umefifia, cha 790 mgongo wake ni laini zaidi. Kwa mradi huu nachagua moto wa chini na muda mrefu. Unanipa pia nafasi ya kuchungulia na kusimamisha kazi kabla haijapitiliza.

Kuchungulia: umeme unazimwa kwanza ikiwa mkono utaingia ndani, miwani ya kinga inavaliwa kila mara, na mlango unafunguliwa kwa ufa tu, tena joto likiwa juu ya 700 °C ambako kioo ni laini na hakipasuki kwa upepo wa ghafla. Wakati wa kupanda, chini ya takriban 540 °C, mlango haufunguliwi kwa sababu yoyote.

Kuhusu milimita 6

Nimeona niiandike hapa kwa sababu huamua ukubwa wa kila kitu. Kioo kilicholainika kabisa kina nguvu mbili zinazoshindana: uzito unaokivuta kitandazike, na mvutano wa uso unaokikusanya kijiviringe. Kwa kioo cha aina hii hulingana kwenye unene wa karibu milimita 6. Safu moja ya milimita 3 ikifika moto kamili hujikusanya, ukingo unanenepa na katikati kunakonda, na pengine kunatoboka. Safu tatu hutandaa nje ya mipaka yake. Safu mbili hutulia. Bamba langu litakuwa na unene wa milimita 10, hivyo bila kuzuiwa lingetandaa hadi lipoteze mistari yake. Lazima lijengewe kingo za kulizuia pembeni.

Rafu na kipako

Kipako ni mchanganyiko wa alumina na kaolini (udongo mweupe) katika maji. Kinapakwa kwa brashi laini, safu nyembamba kadhaa, kila safu kwa mwelekeo wake, kisha rafu inakaushwa kwa joto la 260 °C. Baada ya moto kamili kaolini hubadilika na haifai tena. Ukiirudishia kioo juu yake hung'ang'ania mgongo. Hivyo kinakwanguliwa chote na kupakwa upya kila baada ya moto wa kuunganisha. Barakoa ya vumbi huvaliwa wakati wa kukwangua, na wakati wa kugusa karatasi ya nyuzi za kauri iliyokwisha kuungua, na wakati wa kutumia unga wa kioo. Mapafu huyatoa mavumbi hayo kwa shida sana.

Kukata na kupanga

Vipande vyote vina upana wa milimita 10 na urefu wa sentimita 36. Vikisimama kwa ubavu, kila sentimita 3 za sinia hula vipande 10. Ni kazi ndefu na ninaipenda. Kikatio kinapita mara moja tu, kwa mkono usiokaza sana, na sauti inayotakiwa ni mkwaruzo mwembamba usiokatika. Koleo linamalizia.

Kila kipande kinaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, kinasuuzwa na kukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usafi hapa una sababu ya kikemia. Kioo kikikaa kati ya takriban 700 na 760 °C, uso wake unaweza kuanza kujipanga kuwa fuwele, na hapo ndipo ukungu mweupe unapotokea, unaokwaruza ukiguswa. Vumbi, mafuta ya vidole na mabaki ya kusaga huzipa fuwele mahali pa kuanzia.

Kingo za kuzuia zimetengenezwa kwa rafu kuukuu iliyokatwa mabamba marefu, iliyopakwa kipako. Kati ya kingo na kioo kuna ukanda wa karatasi ya nyuzi za kauri, na ukanda huo nimeukata uwe mfupi kwa milimita 3 kuliko kioo. Karatasi ikizidi kimo cha kioo, kioo kikishuka huacha ncha zake zimeshika karatasi juu, na sinia hutoka na ukingo wa sindano zinazokata ngozi. Karatasi ikiwa fupi, ukingo huviringika peke yake.

Uzito: sentimita 36 kwa 36 kwa 1, kwa kioo cha gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo, ni zaidi kidogo ya kilo 3.2. Rafu ina nguzo ya ziada katikati.

Moto wa kwanza

Ratiba: nyuzijoto 200 kwa saa hadi 640, kushikilia dakika 45. Kisha 330 kwa saa hadi 800, kushikilia dakika 30, halafu kushuka kwa mwendo wa tanuru lenyewe, mlango umefungwa, hadi 482.

Kituo cha 640 ni cha kufukuza hewa. Kioo kimelainika kiasi cha kuegemeana, ila kingo hazijafungana bado, kwa hiyo hewa iliyo kati ya vipande ina njia ya kutokea. Ukipita hapo haraka, hewa inafungiwa na kutengeneza viputo. Juu ya 700 mwendo ni wa kasi ili kioo kisikae katika eneo la ukungu.

Kwenye 300 hadi 400 palikuwa na harufu ya karatasi ya kauri ikiunguza gundi yake. Dirisha lilikuwa wazi, na tundu la juu la tanuru pia.

Kwa jicho, kwenye 800, bamba linang'aa rangi ya machungwa lote na mistari haionekani. Kinachotazamwa ni mwanga unaoakisiwa juu ya uso. Mwanzoni umekatikakatika kwa mifereji ya kila kipande, baadaye unakuwa mmoja. Ulipokuwa mmoja dakika zilikuwa zimebaki chache, nikaiacha ratiba imalize.

Kupoza

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Kuunganisha ni sehemu inayopendeza macho, lakini sinia linaishi au kufa kwenye kupoza. Kioo hupitisha joto kwa shida. Kinapopoa, uso unatangulia na moyo unachelewa. Ikiwa tofauti hiyo ipo wakati kioo kinapovuka kutoka ulaini kwenda ugumu, inabaki humo daima: uso umegandia urefu mmoja, moyo ukagandia mwingine, na joto linapoisha kila mmoja anamvuta mwenzake. Kazi ya kupoza ina sehemu mbili. Kwanza, kioo chote kifike joto moja katika eneo ambalo mkazo bado unaweza kujitoa. Pili, kishuke kutoka hapo kwa mwendo ambao moyo unaweza kuufuata.

Kwa kioo hiki, cha namba 90, kituo ni 482 °C. Jedwali la Bullseye linasema hivi kwa bamba la milimita 12: saa 2 kwenye 482, kisha nyuzijoto 55 kwa saa hadi 427, kisha 99 kwa saa hadi 371, halafu isizidi 330 kwa saa hadi joto la chumba. Kwa milimita 6 ni saa 1 na mwendo wa 83. Kwa milimita 25 ni saa 4, na mwendo unashuka hadi 15 tu kwa saa.

Tazama kinachotokea kati ya 12 na 25. Unene umeongezeka kama mara mbili, mwendo umeshuka hadi karibu robo yake. Hilo linatokana na fizikia: tofauti ya joto kati ya moyo na uso hukua kwa mraba wa unene. Anayetengeneza vitu vinene akidhani kwamba unene maradufu unahitaji muda maradufu, atavunjikiwa, na atavunjikiwa na kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Sijui namna nyepesi ya kulisema hili. Vitu vinene hudai siku, na vikubwa vya kuyeyushwa kwenye kalibu hudai majuma.

Bamba langu lina milimita 10, nami nimetumia ratiba ya 12. Kona ya kushoto ilinipa sababu ya ziada: ikiwa upande mmoja wa tanuru uko nyuma kidogo ya themokapo, muda wa kushikilia ndio unaoulainisha utofauti huo. Nimeongeza nusu saa kwenye 482.

Jambo lingine kwa wanaoshikiza tu bila kuunganisha kabisa: kioo kilichoshikizwa kina milima na mabonde, unene wake haulingani, na pembe za vipande hufanya vivuli vya joto. Hicho hupozwa kana kwamba unene wake ni maradufu ya pale palipo nene zaidi.

Tanuru halifunguliwi hadi mkono uweze kushika rafu bila glavu. Hata chini ya 371, ambako mkazo wa kudumu hauwezi tena kujengeka, upepo wa baridi juu ya kioo cha moto unatosha kukipasua.

Bamba limetoka zima. Kati ya polaroidi, sehemu za angavu zimekuwa giza kutoka ukingo hadi ukingo. Rangi nyeupe haipitishi mwanga, kwa hiyo haisomeki kwa njia hii. Kwa ajili yake niliweka kigae cha shahidi kwenye rafu hiyo hiyo, nacho ni kisafi.

Msumeno, kisha moto wa pili

Bamba lilikatwa kwa msumeno wa diski ya almasi chini ya maji, kukingama na mistari, vipande vya sentimita 3. Kila cha pili kiligeuzwa mwisho kwa mwisho. Ilipokuwa inaanza feruzi sasa inaanza nyeupe, na mistari imekatika, ikipishana kwa zamu kutoka kipande hadi kipande. Theluthi yenye hudhurungi niliileta katikati.

Nyuso zilizokatwa zilisuguliwa kwa pedi za almasi, kutoka chembe kubwa hadi laini: 120, 220, kisha 400, kwa maji wakati wote, halafu zikapigwa brashi ya meno hadi maji yaliyotiririka yalipokuwa safi. Unga wa kusaga ukikaukia kwenye mshono, moto hauutoi. Huugeuza mstari mweupe ndani ya kioo.

Kupanda safari hii kunahitaji subira zaidi, maana vipande sasa ni vinene: nyuzijoto 110 kwa saa hadi 540, kisha ratiba ile ile ya kwanza. Kupoza hakubadiliki.

Lilivyotoka: mishono imepotea. Mistari ya feruzi imepinda kidogo karibu na kingo, chini imevutwa ndani na juu imetanuka, kwa sababu kioo kilichogusana na rafu kilisogea kidogo kuliko cha juu. Upindo huo unaonekana vizuri zaidi mgongoni. Nimeugeuza mgongo kuwa uso wa sinia, na uamuzi huo ndio ulionipendeza zaidi katika mradi mzima.

Kalibu

Kalibu ni ya udongo uliochomwa, pana na ya kina kifupi, yenye matundu madogo chini ya kutolea hewa. Bila matundu, hewa iliyofungiwa chini ya kioo hukiinua katikati. Imepakwa kipako, na tundu kila moja limezibuliwa kwa waya baada ya kupaka. Pimamaji iliwekwa juu ya kalibu kwa pande zote mbili, maana kioo kikilegea upande wenye mteremko hutangulia, na sinia hutoka ukingo mmoja uko juu.

Bamba zito hulala kwa joto dogo kuliko jepesi, kwa kuwa uzito wake unalisaidia. Nimepanda 90 kwa saa hadi 540, kisha 110 kwa saa hadi 635, nikachungulia kwa tundu la mlango kila dakika kadhaa. Kwenye 635 katikati ilianza kushuka, ikagusa kalibu baada ya karibu nusu saa, na kingo zikafuata. Nilipoona mwanga umeacha kusogea juu ya uso, nikaamuru kidhibiti kiende hatua ya kupoza. Ningelisukuma hadi 670 lingelala haraka zaidi, lakini kioo kingechukua alama za kipako na mng'ao wa mgongo ungekufa.

Kupoza kunarudiwa chote, kuanzia 482. Moto wa kalibu umekipandisha kioo juu ya eneo la mkazo, kwa hiyo utulivu wa moto uliopita umefutwa na lazima upatikane upya.

Hali ya sinia sasa

Limekaa sawa juu ya meza, halichezi. Tofauti ya kimo kati ya ukingo ulio juu zaidi na ulio chini zaidi ni chini ya milimita 1. Angavu ni giza kati ya polaroidi. Kuna kiputo kimoja kidogo ndani ya feruzi, kina cha milimita kadhaa chini ya uso, nami nakiacha. Ukingo wa nje utasuguliwa kwa 400 na 600 kisha kung'arishwa kwa mkono, bila moto mwingine.

Kwenye daftari la tanuru nimeandika: rafu nyuma, nguzo za sentimita 2.5, 800 kwa dakika 30 kwa mistari ya milimita 10, 635 kwa kalibu hii na uzito huu. Bamba linalofuata litakuwa la milimita 19, feruzi peke yake katika vivuli vitano, na kupoza kwake ni saa 3 kwenye 482, kisha 25 kwa saa hadi 427. Vipande vya kwanza vimeshakatwa na kuoshwa.